Nyuma ya Gudshedi Palikuwa na Majani Tu

Mimi ni mtu wa hasira za polepole. Wengine wakikasirika huvunja sahani, na jioni wakala pamoja na aliyewakasirisha. Mimi huweka. Naweza kuweka neno moja miezi mitatu, nikalichemsha kila Jumamosi, mpaka siku ya kulimwaga ifike. Nasema haya mapema ili msinihurumie baadaye, maana katika habari hii hakuna mahali pa kunihurumia mimi.

Nyuma ya ukumbi wa parokia, hapa Kasese upande wa Nyamwamba, palikuwa na stoo ya mabati, na ndani ya stoo hiyo palikuwa na reli. Mhandisi mmoja Mzungu, alipokuwa akifunga virago kurudi kwao, aliiachia parokia sanduku la treni ya kuchezea: injini ya ukubwa wa kipande cha sabuni, mabehewa matano, na vipande vya reli vya kutosha kuzunguka meza. Treni ya kweli ilikuwa imeacha kufika Kasese miaka mingi kabla. Majani yalikuwa yameota katikati ya mataruma, zile mbao za chini ya reli, halafu watu wakaanza kung'oa mataruma, halafu wakajenga. Sisi tuliowahi kula mkate wa reli tukalichukua lile sanduku, tukasema tutaujenga upya mji wetu kama ulivyokuwa treni ilipokuwa hai. Tukauita mradi huo Meza, basi.

Tulikuwa kama watu kumi, nusu wa Kasese na nusu wa Bwera. Kila mmoja alikuwa na ubao wake wa plaiwudi, ukubwa wa nusu ya mlango wa chumba, akiujenga nyumbani kwake. Jumamosi mchana tunazileta mbao stoo, tunazikaza kwa skrubu, na mji unakuwa mmoja. Wa Bwera walifunga zao nyuma ya bodaboda, na njia ile mnaijua. Siku moja kilima kizima kilidondoka njiani, pale Kisinga, na kabla mwenyewe hajashuka mbuzi walikuwa wamekwisha kukila nusu, kwa sababu vilima vyetu vilikuwa magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa muhogo. Aliingia stoo na nusu ya kilima mkononi. Tulimcheka mpaka akakaa chini. Ndivyo tulivyokuwa. Mtu akikosea hapewi maji, anapewa jina.

Mimi ni mwalimu wa kazi za mikono katika shule ya msingi, kwa hiyo nilipewa mandhari yote: milima, miti, majani, mawe. Miti niliitengeneza kwa dodoki lililokaushwa na kupakwa rangi ya kijani. Majani yalikuwa unga wa mbao. Kokoto za chini ya reli nilizivunja kutoka kokoto za reli yenyewe, nikazichekecha kwa kichujio cha chai. Reli za sanduku zilipoisha, njia za pembeni tulizitandika kwa spoki za baiskeli zilizonyooshwa. Injini haikuweza kupita juu ya spoki, lakini mabehewa yalisimama hapo vizuri, na mtu asiyejua alidhani yanasubiri mzigo.

Sasa kanuni. Kanuni niliitunga mimi, na nilijivuna nayo. Wa Bwera walikuwa wameanza kusema nao wanataka stesheni ya Mpondwe, mpakani kabisa, na treni inayovuka kwenda Kongo. Nikasema: treni gani ilifika Mpondwe? Nani aliiona? Wakasema ingefika kama serikali ingetaka. Nikasema Meza si ya mambo ambayo yangekuwa, ni ya yaliyokuwa. Tangu siku hiyo hakuna jengo lililokaa mezani bila mashahidi wawili, na aliyelijenga hahesabiwi. Shahidi husimama kuipa meza mgongo, jengo likiwa limefunikwa kwa kitambaa. Anaeleza alichokiona kwa macho yake zamani: mlango uko upande gani, paa ni la nini, ukuta una rangi gani. Kisha kitambaa kinaondolewa, anageuka. Maneno yakilingana, jengo linagundishwa. Yasipolingana, mwenyewe anabeba chake.

Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mstaafu. Treni hakuijua sana, lakini ufunguo wa stoo ulikuwa wake, na sauti pia. Tulimwita afande. Aliipenda kanuni ile kuliko mimi niliyeitunga. Kila jengo lililokubaliwa aliliandika katika daftari pamoja na majina ya mashahidi wake, na siku ya maonyesho, Jumapili baada ya misa, aliyasoma yote kwa sauti mbele ya waumini. Watu waliheshimu. Ilifika mahali kitu kikikaa kwenye Meza, mjini hakuna anayekibishia.

Mzee wa Kongo aliingia kupitia wale wa Bwera. Alikuwa mtu wa upande wa Butembo, mwembamba, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Zamani, kahawa ya Kongo ilipokuwa ikiletwa kwa malori kupakiwa kwenye mabehewa ya Kasese, yeye alikuwa mpakizi pale gudshedi, lile bohari kubwa la mizigo. Nilimfahamu. Nilikuwa kijana, karani wa kuandika magunia, kabla sijaenda kusomea ualimu. Aliponiona stoo alinikumbatia, akaniambia, "Mwalimu, tulizeeka!" Nami nilimkumbatia. Sikuwa na kitu naye wakati huo.

Kitu kilikuja na chumvi.

Nilikuwa nimejenga Rwenzori. Ubao mzima, juu kuliko kichwa cha mtu aliyekaa, na nilikuwa nimeupa wiki nyingi. Kikabaki kitu kimoja, theluji. Pamba tulikuwa nayo, Kasese hii haikosi pamba, lakini pamba ikikaa juu ya mlima inaonekana pamba. Ndipo nikapata akili ya chumvi ya ziwa la Katwe. Niliiosha, nikaianika, nikaitwanga, nikaimwaga juu ya gundi ikiwa mbichi. Ulikuwa wakati wa kiangazi, jua linaingia kwa mlango wa stoo, na mlima ule uling'aa hata afande akavua kofia. Watu walinipigia makofi. Mzee wa Kongo alisogea, akalowesha kidole, akagusa kilele, akaonja.

"Mwalimu," akasema, "hii chumvi italia. Mvua ikianza, mulima yako itakojoa."

Stoo nzima ikaangua kicheko. Sidhani alikusudia kunidharau. Alikuwa mtu aliyebeba magunia ya chumvi mgongoni miaka na miaka, anajua inavyonyonya unyevu na kulowesha shati, akasema anachokijua. Lakini alikisema mbele ya watu kumi, makofi yangu yakiwa bado hayajapoa.

Na mvua zilipoanza, mlima ulikojoa. Niliukuta Jumamosi ya kwanza ya mvua: maji ya rangi ya chai yameteremka mabondeni, magazeti yamevimba, picha ya waziri fulani imechomoza kwenye mteremko. Maji ya chumvi yalifika mpaka kwenye njia za pembeni, spoki zote zikaota kutu, zikabaki alama nyekundu juu ya kokoto. Kosa la namna hiyo nadhani haliwezi kufanyika popote duniani isipokuwa hapa kwetu, ambapo theluji tunaiona kwa macho na hatujawahi kuishika, na chumvi iko karibu. Waliniita Bwana Chumvi. Afande aliniita hivyo hata kwenye daftari. Mtu alikuwa akiingia anauliza, "Leo mlima umeamka mkavu?" na wengine wanajibu, "Bado tunamfundisha!" Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi niliyemcheka mtu wa kilima cha Kisinga mpaka nikatokwa na machozi, sikuweza kuvumilia.

Kilichonimaliza ni kwamba mzee yule hakucheka tena baada ya siku ile. Alikuja na mfuko wa maganda ya mayai yaliyosagwa laini, akasema, "Jaribu hii, hailiake." Akanisaidia kukwangua chumvi. Alinisaidia kung'oa spoki moja moja na kuzisugua kwa mchanga. Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa ninaweka.

Ndipo akaleta nyumba yake.

Lazima niieleze nyumba yenyewe, ili mjue ninachokisema ninakijua. Nyuma ya gudshedi, hatua chache kutoka njia ya tatu ya reli, palikuwa na kibanda cha mataruma mabovu na mabati ya kuokota. Aliishi humo na mke wake. Mlango ulitazama reli, si barabara, kwa sababu mke alipika chai na mandazi, na wateja wake walitoka relini. Pazia la mlangoni lilikuwa gunia la kahawa. Palikuwa na benchi la watu wanne tulilokalia saba. Mimi nilikunywa chai pale kila asubuhi ya siku ya kazi kwa muda wa miaka miwili. Nilipopata malaria kazini, mama yule alinilaza kwenye benchi, akanifunika gunia, akaninywesha uji kwa kijiko mpaka jioni, huku tumbo lake mwenyewe likiwa kubwa la miezi minane. Treni ikipita alilipiga tumbo kidogo na kulinyamazisha: "Kaa kimya, inapita." Mwezi uliofuata alijifungua mtoto wa kike ndani ya kibanda kile, na siku ya tatu akafa. Nilikuwa kwenye maziko. Nilitupa udongo.

Mtoto alipelekwa Butembo kulelewa na shangazi. Kibanda kilivunjwa asubuhi moja, reli ilipoamua kusafisha eneo lake. Kaburi lilikuwa karibu na mto, na Nyamwamba ulipoteremka na mawe yake ulilichukua. Picha za mke zilikuwa mbili, zikaungua Beni pamoja na nyumba yake, mwaka ambao mzee alikimbia vita akavuka mpaka na mkeka mmoja.

Binti alikuwa sasa mtu mzima, ameolewa, naye amevuka na watu wa mumewe na anauza maharage sokoni Mpondwe. Watu wa mumewe walikuwa wamemwokotea neno. Walisema hana mama. Walisema mzee aliokota mtoto mahali, maana mtoto gani huzaliwa Kasese, analelewa Butembo, na hakuna mtu wa ukoo aliyemwona mama yake wala kaburi la mama yake? Wifi yake ndiye alikuwa mdomo wa mbele. Kila ugomvi wa sufuria uliishia hapo.

Haya yote mzee alitueleza mwenyewe, amesimama katikati ya stoo, kitu kimefunikwa kwa kitambaa mikononi mwake. "Nilimwambia mutoto yangu akuje siku ya maonyesho na wifi yake," akasema. "Ataona fasi ya nyumba mama yake alikalaka. Afande atasoma majina ya mashahidi. Hakuna tena mutu atamutukana. Miye sina kitu ingine ya kumuonesha. Kaburi haiko. Foto haiko. Ni hii tu."

Shahidi wake wa kwanza alikuwa mzee mwenzake wa Kasese, aliyekuwa akipanga mabehewa zamani, na sasa macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Mtu mmoja akauliza kama kipofu anaweza kuwa shahidi. Afande akasema, "Hii alikuwa na macho wakati ile. Shahidi, simama! Geuka! Sema ile uliona." Yule mzee akaipa meza mgongo akaeleza: mlango unatazama njia ya tatu, bati la kushoto limepinda chini, pazia ni gunia, benchi liko kulia, birika nje juu ya mawe matatu. Kitambaa kikaondolewa. Nilikiona.

Mabati aliyakata kwenye kopo la samli na kuyakunja kwa kitana. Mataruma yalikuwa njiti za kiberiti zilizochomwa kidogo zipate weusi. Birika alilifinyanga kwa tyubu ya dawa ya meno, dogo kuliko punje ya mahindi, na lilikuwa na mdomo. Pazia lilikuwa uzi wa gunia la kweli, na lilisogezwa upande mmoja, kama mama yule alivyokuwa akilisogeza asubuhi akianza kazi. Mimi ndiye fundi wa mandhari. Najua kazi nzuri nikiiona, na hakuna kitu juu ya Meza, chenye mkono wangu au wa mwingine, kilichokuwa kizuri kama kile.

"Shahidi ya pili?" afande akauliza.

"Ni mwalimu," mzee akasema, akinitazama kwa furaha. "Mwalimu anaijua. Alikuwa anakunywaka chai kwa bibi yangu kila asubui."

Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kukiona kibanda, kwa hiyo kuipa meza mgongo ilikuwa desturi tu, lakini niliipa. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa mabati na msumari uliotundikiwa kofia ya afande. Nyuma yangu mtu mmoja, hata sijui ni nani, akasema kwa chini, "Bwana Chumvi sasa aseme," na wawili watatu wakacheka kwa pua.

Ningeweza kuwalaumu hao. Kwa muda mrefu nilijaribu kuwalaumu. Lakini neno lilikuwa tayari limeiva ndani yangu kabla yao.

"Nyuma ya gudshedi palikuwa na majani tu," nikasema.

Afande akauliza, "Hakuna nyumba?"

"Mimi nilikuwa karani pale miaka miwili. Palikuwa na majani. Chai nilikunywa nyumbani kwetu."

Nitasema nilichosikia moyoni wakati ule, maana ndicho kinachonisumbua. Nilisikia raha. Ilikuwa raha ya kweli, ya kifuani, ya mtu aliyetua mzigo. Sikuweza kuuona uso wa mzee kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo, na nilisikitika kwamba siuoni.

Hakubisha. Nilitegemea abishe, nilikuwa na maneno mengine ya akiba. Alisema tu, "Mwalimu," mara moja, si kwa kuuliza wala kwa kuita. Afande akaliandika neno langu daftarini, akapiga meza: "Shahidi moja haitoshi. Toa hiyo kitu." Mzee akakinyanyua kibanda kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kukitengenezea kiwanja kwenye ubao, ameondoa majani na kusawazisha udongo, na palibaki mraba mtupu hatua mbili za kidole kutoka njia ya tatu. Mraba ule ulikuwa kazi yangu. Nilipaka gundi, nikanyunyiza unga wa mbao wa kijani, nikapuliza uliozidi. Nilitumia kijani cha aina mbili ili paonekane pameota wenyewe. Nilifanya kazi nzuri sana.

Maonyesho yalikuwa baada ya wiki mbili, na mzee hakuweza kumzuia binti yake, au labda hakujua aseme nini. Walikuja. Binti alivaa kitenge kipya, kilikuwa bado kina mikunjo ya dukani. Wifi yake alikuwa nyuma yake, mwanamke mnene mwenye mkoba, akitazama kila kitu kwa haraka. Mimi nilikuwa na fimbo, nikiwaonyesha watu: hii ni stesheni, hii ni nyumba ya mkuu wa stesheni, hapa ndipo injini ilipokunywa maji. Afande alikuwa anasoma daftari lake. Binti alifuata reli kwa macho mpaka gudshedi, akainama, akatazama nyuma ya bohari lile. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akazunguka upande wa pili wa ubao, labda akidhani kutokea huko patakuwa na kitu.

"Papa, ni wapi?" akauliza.

Mzee alinitazama. Si kwa chuki, na hilo ndilo nisilolisahau. Alinitazama kama mtu anayempa mwenzake nafasi apite mlangoni kwanza. Nilikuwa na fimbo mkononi. Palikuwa na watu thelathini, wake kwa waume na nguo zao za misa, na daftari lenye neno langu limeandikwa ndani yake. Nikanyamaza.

"Mutoto yangu," mzee akasema, "nilikosea. Haikukuwa hapa. Niliangalia muzuri, nikaona nilikosea. Ni uzee."

"Sasa ilikuwa wapi?"

"Sikumbuke tena."

Wifi alicheka kidogo, pumzi moja tu, akafungua mkoba akatafuta kitambaa cha kufutia uso. Binti alisimama wima. Alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na fimbo na nilionekana mtu wa kujua, akaniuliza kwa adabu, "Papa, hapa kulikuwa nini?" Kidole chake kilikuwa juu ya majani yangu.

"Majani," nikasema, na nikawaonyesha watu tangi la maji.

Mzee hakuja tena Jumamosi. Wa Bwera walileta ubao wake mara moja, halafu wakaacha. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo, isipokuwa yule mzee wa mabehewa. Siku moja tulipokuwa tukifunga stoo alinishika mkono wa shati akasema, "Mwalimu, mimi niko kipofu, siko kiziwi. Wewe ulikuwa nakunywa chai na kelele. Hata leo nakunywa vile vile." Akaniachia, akashika njia yake na bakora. Usiku huo sikulala, na si usiku huo peke yake. Ile raha ilikuwa imekwisha siku nyingi, na chini yake sikukuta hata hasira niliyoifanyia kazi. Chumvi! Nilimnyang'anya mtu mke wake kwa mara ya pili kwa sababu ya chumvi.

Ilinichukua karibu mwaka kupanda gari kwenda Bwera. Mzee alinipokea vizuri, na hilo lilikuwa gumu kuliko kupigwa. Alinipa kiti, akaniulizia watoto, akanieleza mvua zilivyoharibu maharage. Nilipotaja kibanda aliinua mkono.

"Ile maneno iliisha, mwalimu."

Nikamwambia nitakwenda kwa afande, nitasema kweli, daftari liandikwe upya. Akatikisa kichwa. "Daftari haina kazi. Mutoto alisikia kwa kinywa yangu. Singeweza kugombana na weye mbele yake, wifi yake anaangalia, baba anaitwa mwongo. Nikasema nilikosea. Nikisema leo hapana, sikukosea, nitakuwa mutu wa maneno mbili. Hataamini ya kwanza, hataamini ya pili." Akaniangalia miguu, si uso. "Kama unataka, nenda umwambie weye."

Nilikwenda. Soko la Mpondwe lilikuwa limejaa, wapagazi wanavuka na mizigo vichwani, malori yamesimama mstari mpaka juu. Nilimkuta amekaa nyuma ya mabeseni ya maharage. Alinikumbuka, mtu wa fimbo. Nilichuchumaa nikamwambia yote, bila kujipamba. Nilimweleza mama yake: pengo dogo la meno ya mbele, kitambaa cha kichwa alichokifungia fundo mbele, tangawizi aliyoiponda kwa jiwe. Nilimwambia habari ya gunia na uji. Nilimwambia jinsi alivyolipiga tumbo treni ikipita, na kwamba aliyekuwa ndani ya tumbo lile ni yeye. Mkono wake uliokuwa ukichambua maharage ulisimama hapo, halafu ukaendelea.

"Papa alisema alikosea," akasema.

"Baba yako hakukosea. Alisema vile ili kuficha aibu yangu. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Papa yangu hasemaka bongo."

"Najua. Siku ile tu."

"Kama siku ile alisema bongo, basi hata mbele ya hapo alikuwa anasema. Hata juu ya mama." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza bei. "Na weye mwenyewe unaniambia uko mutu wa bongo. Sasa nikuamini juu ya nini? Juu umekuja na gari?"

Nikasema naweza kuapa. Nikasema naweza kumwambia wifi yake pale pale, mbele ya soko zima.

"Wifi yangu? Bwana yangu alioa mwingine. Nani atamwambia nini tena?" Akapangusa mikono kwenye kitenge, ndicho kile kile cha siku ya maonyesho, sasa kimepauka. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nichuchumae. "Siku ile nilikuuliza. Sikukujua, lakini ningekuamini. Ungesema hapa kulikuwa nyumba, ningekuamini bila kuona hata mufano. Nilikuwa nimekuja kuamini."

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko, akitaka maharage ya manjano, na mimi nilikuwa nimeziba beseni lake.

"Sogea kidogo, papa," binti akaniambia. "Unazuia watu."